Shajara ya mradi: kutengeneza "Mdako wa Mishi", kijitabu cha watoto kuhusu mali na urafiki (Tanga, 2024)

Shajara hii ni ya mwalimu, mzazi au mtu yeyote anayetaka kuwaandikia watoto wa mtaa wake kitabu na hana mchapishaji. Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi, na kila Jumapili baada ya alasiri watoto wa mtaa wetu, Makorora, hukaa kwenye baraza yangu nikawasomea. Nimeandika kila hatua ilipomalizika, na gharama zote ni kwa shilingi. Mambo yaliyokwenda sawa nimeyapita haraka. Pale nilipokosea nimekaa zaidi, maana ndipo mwingine atakapookoa fedha na siku zake.

14 Januari 2024. Rasimu ya kwanza

Mradi ulianzia kwenye mkeka. Jumapili iliyopita binti mmoja wa darasa la tatu alitengwa na wenzake kwa sababu hakuwa na mia mbili ya barafu ya ubuyu. Hawakumtukana. Walisogea tu, wakamwachia nafasi pana kama ya mgonjwa. Nilimwona akikunja miguu ili aonekane ameipenda ile nafasi. Usiku ule sikulala vizuri.

Nimeandika kurasa sita kwa mkono. Rukia ni binti wa tajiri mwenye mashua mbili; mama yake Mishi anakaanga vitumbua. Mashua zinazama, baba yake Rukia anafilisika, marafiki wanamkimbia, anabaki Mishi peke yake. Baadaye mali inarudi, na baba anamjengea mama yake Mishi nyumba ya bati. Inafunguliwa kwa "Paukwa!" na inafungwa kwa "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

Gharama: karatasi nilikuwa nazo.

28 Januari. Kusomwa mara ya kwanza: haikufaa

Walikuwa watoto 17. "Paukwa!" ilipokelewa kwa "Pakawa!" ya kutikisa bati. Kufika ukurasa wa nne, mashua zilipozama, mvulana mmoja alisema kwa sauti, "Akufaaye kwa dhiki!" na wote wakaitikia, "Ndiye rafiki!" Zilibaki kurasa mbili na hadithi ilikuwa imekwisha. Walinivumilia kwa adabu.

Methali yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba hadithi niliikata kwa kipimo cha methali ambayo watoto wameisikia tangu darasa la kwanza. Wakishaitambua, hawana sababu ya kusikiliza tena.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na nililiona nilipouliza, "Mishi alipata nini?" Wakajibu wote: nyumba. "Na ninyi mkiwa marafiki wazuri mtapata nini?" Wakasema nyumba, baiskeli, simu. Mimi nilitaka kuwaambia kwamba urafiki si mali, kisha mwisho wa hadithi nikaulipa urafiki kwa mali. Mtoto husikia malipo kuliko anavyosikia maneno. Anayeandika hadithi ya aina hii na auangalie ukurasa wake wa mwisho kabla ya kitu kingine chochote: nani anapewa nini?

Nimefuta nyumba. Nimefuta methali.

Gharama: nakala za kusomea. Jumla ya nakala za rasimu zote imefika 18,000 hadi mwisho wa mradi.

11 Februari. Rasimu ya pili: habari ya bahari

Bila nyumba, hadithi ilibaki bila kilele. Nikatafuta tukio la hatari. Siku ya mbalamwezi, saa kumi alasiri, Rukia na Mishi wanatembea juu ya mchanga mkavu hadi mwambani kuokota simbi. Maji yanajaa ghafla, marafiki wengine wanakimbia na viatu vya Rukia, Mishi anarudi kumshika mkono.

Niliwasomea watoto. Safari hii walikaa kimya hadi mwisho, nikafurahi. Ndipo mtoto wa mvuvi, wa darasa la tano, akasema: "Bibi Mwalimu, saa kumi hiyo mchanga wameupata wapi?"

Sikuwa na jibu. Jibu nalifuata Sahare, pwani kwa wavuvi.

25 Februari. Sahare, na somo la bamvua

Nilifika pwani saa tatu unusu asubuhi. Mwezi ulikuwa mpevu jana yake. Nilimkuta mzee akiziba nyufa za mashua yake kwa kalafati, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akanipa ubao wa kukalia, na kabla sijamaliza kumsimulia alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Bi mkubwa," akasema, "hao watoto wako wamezama kabla ya kutoka nyumbani."

Nayaandika hapa aliyonieleza, maana nimeishi mji wa pwani maisha yangu yote na sikuwa nimeyapanga kichwani. Bamvua, yaani yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji juu. Hapa kwetu, siku za bamvua maji huwa yamejaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na huwa yamepwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50, ndiyo maana baada ya wiki moja hivi saa zinageuka. Kwa hiyo mbalamwezi na mchanga mkavu saa kumi alasiri havikutani. Saa ile maji yako ukingoni.

Akaninyooshea mkono. Ilikuwa inakaribia saa nne, na bahari ilikuwa imekwenda zake. Wanawake walikuwa mbali kule mwambani wameinama na vijiti, wanachokoa pweza. Nimewaona mara elfu, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini siku nyingine hawapo.

Nilimuuliza pia juu ya maji kujaa ghafla. Akasema hayaji ghafla. Yanakuja taratibu na yanajaza kwanza mikondo ya nyuma, kati yako na nchi kavu, na anayetazama mbele haoni. Anayezaliwa na wavuvi anageuka nyuma kila mara. Anayezaliwa dukani hageuki.

Gharama: bajaji kwenda na kurudi 6,000, pweza niliyemnunua kwa mmoja wa wale wanawake 10,000, tukamla jioni na watoto waliokuja kusikia majibu. Jumla 16,000.

3 Machi. Rasimu ya tatu, na binti aliyenifundisha

Nilirekebisha saa: wasichana wanatoka asubuhi, saa nne, bahari iko nje. Wale wa pwani waliridhika. Nikauliza swali langu la kawaida, rafiki wa kweli wa Rukia ni nani na mmejuaje. Mishi, wakasema, kwa sababu amemwokoa.

Binti yule wa barafu ya ubuyu hakunyoosha mkono. Nikamwita kwa jina, taratibu. Akasema: "Hata mtu usiyemjua anaweza kukuokoa. Mama aliokolewa na mwendesha pikipiki, hawajuani."

Nikamuuliza, sasa wewe ungejuaje? Akafikiri muda mrefu, wenzake wakaanza kucheka, nikawanyamazisha. Akasema: "Asiyekuacha ushinde."

Akaeleza. Kuna msichana mtaani kwao mwenye gololi nyingi na pesa ya barafu. Wakicheza naye mdako, wote wanakosa kwa makusudi. Wakimshinda atakasirika, atachukua gololi zake aende, na barafu itakwenda naye. Hajui kama anaachiwa. Anadhani ni hodari.

Kwa asiyeujua mdako: unachimba shimo dogo kama kikombe, unatia vijiwe. Unarusha kimoja juu, na kabla hakijarudi unavitoa vya shimoni kwa kiganja, kisha unakidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ila kimoja, hicho chako. Ukikosa kudaka, zamu inakwenda kwa mwenzako. Hauhitaji hata senti moja. Wala huwezi kubahatisha: ama umedaka, ama hukudaka.

Nilikuwa nimepoteza miezi miwili kutafuta urafiki kwenye ajali, na mtoto wa miaka tisa alikuwa nao kwenye shimo la kikombe.

12 Machi hadi 9 Aprili. Ramadhani: kuandika upya

Barazani tulisimama kwa mfungo. Niliandika baada ya tarawehe, na hadithi ilibadilika hivi.

Rukia ana gololi za kioo. Wasichana wote wanamwachia ashinde. Mishi ana vijiwe vya matumbawe alivyookota Sahare saa nne ya bamvua (somo la mzee halikupotea), na hajui kumwachia mtu. Anamshinda Rukia mara ya kwanza, mara ya pili. Usiku mama yake anamwita jikoni. Kaka yake Mishi, Bakari, ni baharia kwenye mashua ya baba yake Rukia. "Kesho mwache ashinde, mwanangu. Nafasi chomboni si ya kuchezea."

Sentensi hiyo ilipokuja niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeandika kana kwamba mali ya Rukia ni viatu na baiskeli. Kumbe mali yake ni kwamba watu wazima wanaogopa hasira ya mtoto.

Kesho yake Mishi anarusha kijiwe, na mkono unamgomea: anadaka. Rukia anakusanya gololi zake na kuondoka, wote wanamfuata. Siku ya tatu anarudi peke yake, mikono mitupu, anakaa upande wa pili wa shimo na kusema, "Nifundishe kurusha." Hakuna anayefilisika, hakuna anayezama.

Matatizo ya maneno niliyokutana nayo:

Neno "tajiri". Kwa watoto wa wavuvi, tajiri ni mwenye chombo, ambaye baharia anamfanyia kazi. Kwa wa dukani ni mtu mwenye fedha nyingi. Nimeliacha libebe maana zote mbili, na ukurasa wa pili unasema waziwazi: "Baba yake Rukia ndiye tajiri wa mashua ya akina Bakari."

Neno "shoga". Hapa kwetu wanawake tumeitana hivyo tangu bibi zetu, na mama yake Mishi angelisema bila kufikiri. Lakini siku hizi sehemu nyingi nchini linachukuliwa kwa maana nyingine kabisa, na kijitabu kikivuka Mombo kwenda bara kitazua maneno. Nimeweka "mwenzangu". Bado naumia kulipoteza.

Jina la kitabu. Nilikiita "Kete za Mishi" hadi mwanangu aliponikumbusha kwamba vijana wakisikia kete wanafikiria dawa za kulevya. "Vijiwe vya Mishi" nako kulinuka vijiwe vya kukaa bila kazi. Ndipo ikawa "Mdako wa Mishi".

21 Aprili. Kusomwa mara ya nne

Hakuna aliyebashiri mwisho. Mama yake Mishi aliposema "mwache ashinde", baraza iligawanyika. Wengine walitaka Mishi atii, kwa sababu mama ni mama na Bakari atakula nini? Wengine walisema kumwachia ni kumdanganya. Walibishana hadi adhana ya magharibi, na mimi sikuingilia.

Mvulana mmoja aliuliza jambo ambalo lilihukumu rasimu zangu zote za mwanzo: "Kwa hiyo Rukia anabaki tajiri na bado ana rafiki?" Ndiyo, nikamwambia. Akasema, "Katika zile nyingine ilibidi afilisike kwanza."

19 Mei. Picha

Mchoraji ni kijana anayeandika mabango ya maduka pale Ngamiani. Tulikubaliana picha 12 kwa 15,000 kila moja. Watu anawachora vizuri mno. Mama yake Mishi ana mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye karai, nikajua amemchora mama yake mwenyewe.

Nilichojifunza: mpe mchoraji kitu cha kutazama. Mashua ya baba yake Rukia aliichora ina matengo, ile miti ya pembeni ya kuzuia chombo kisipinduke. Matengo ni ya ngalawa, mashua haina. Mimi sikuliona. Aliliona mtoto yuleyule wa mvuvi, kabla hajaona kitu kingine chochote kwenye ukurasa. Ilichorwa upya kwa nusu bei, 7,500. Ningempeleka Sahare asubuhi moja ningeokoa fedha hiyo.

Gharama: 180,000 na 7,500, jumla 187,500.

8 Juni. Nakala ya majaribio: makosa mawili kwa mpigo

La kwanza. Nilipiga picha michoro kwa simu na kumtumia mwenye duka la uchapaji kwa WhatsApp. Ilitoka na ukungu, bahari imekuwa rangi ya tope. WhatsApp hubana picha ili isafiri haraka. Itume kama faili la hati, au bora zaidi, peleka karatasi zenyewe zikaskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi.

La pili. Kijitabu kilikuwa na kurasa 22 za ndani. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Mashine iliongeza kurasa mbili tupu mwishoni, zikakaa pale kama kitabu kimesahauliwa.

Ilibidi nichague: niongeze mbili au nipunguze mbili. Niliwasomea watoto tena nikitafuta mahali wanapokuna miguu, nikapapata. Ni pale mama yake Rukia anapomweleza bintiye maana ya urafiki wa kweli. Nilikuwa nimepapenda. Pameondoka, na picha yake moja iliyolipiwa imeondoka napo. Sasa Rukia anarudi kwa Mishi bila kuambiwa na mtu.

Kurasa ni 20 za ndani. Kila picha inatazamana na maneno yake, na ukurasa wa mwisho una kanuni za mdako na mchoro wake.

Gharama: skani ya picha 11 kwa 1,000, jumla 11,000. Majaribio mawili kwa 9,000, jumla 18,000.

6 Julai. Uchapaji na kushona

Nakala 60 kwa 4,500, rangi ndani na nje, jumla 270,000. Nilizichukua zikiwa zimekunjwa tu, nikabane mwenyewe. Kumi na tano za kwanza nilizibana kwa pini za kawaida (3,000). Baada ya wiki mbili, pini zilikuwa zimeota kutu na zimeanza kulitia jalada madoa ya kahawia. Hewa yetu ina chumvi, nilipaswa kujua. Geti langu lenyewe linanishuhudia.

Nikataka kushona kwa kamba ya mkonge, kwa kuwa ni Tanga. Haikukubali. Nyuzi zake ni ngumu, zilichana karatasi kwenye mkunjo na kuharibu nakala moja. Fundi viatu wa jirani akanipa uzi wake wa pamba, akanionyesha kuupitisha kwenye mshumaa ili uteleze na usinywe maji. Matundu matatu kwenye mkunjo: ingia la kati kwa ndani, toka la juu, shuka hadi la chini, rudi la kati, funga. Dakika nne kwa kitabu ukishazoea. Zile za pini nimezifungua na kuzishona pia.

Gharama: uzi, sindano mbili na mishumaa 7,500.

20 Julai. Hesabu

Nakala za rasimu 18,000, safari ya Sahare 16,000, picha 187,500, skani 11,000, majaribio 18,000, uchapaji 270,000, pini 3,000, kushona 7,500. Jumla 531,000, yaani 8,850 kwa kitabu. Ningeondoa makosa niliyoyataja (mashua, picha iliyotupwa, jaribio la kwanza, pini), ningeokoa 34,500.

Anayetaka kuuza vitabu dukani atahitaji pia nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mimi sijaiomba kwa sababu hizi ni za kugawa. Ilichanika moja, zimebaki 59.

4 Agosti. Baada ya kugawa

Nakala 40 ziko mikononi mwa watoto, nyingine nimezipeleka shule mbili za jirani. Binti wa barafu ya ubuyu nilimpa ya kwanza kabisa. Hakusema kitu. Alifungua ukurasa wa ishirini, akasoma kanuni, akaniambia kwamba mtaani kwao kijiwe kikianguka shimoni kinahesabiwa, na mimi sikuandika hivyo. Nimeandika pembeni ya nakala yangu, kitaingia uchapaji wa pili.

Swali ninaloulizwa kila Jumapili ni moja. Si Rukia wala Mishi. Wanauliza, "Bakari je? Amebaki chomboni?" Sikuliandika kwa sababu sikulijua, na watoto wamekataa kuliacha. Juzi mvulana wa darasa la tano alikuja peke yake, siku isiyo ya kusoma, akasimama mlangoni na kuuliza tena. Kaka yake naye ni baharia.

Mwezi unaandama kesho. Keshokutwa, Jumanne, saa nne asubuhi maji yatakuwa nje, na yule mzee atakuwa Sahare. Nakwenda kumuuliza tajiri hufanyaje, na nimemwomba kijana wa mabango tufuatane, aje na daftari lake.